Mbao ikibana, msumeno unaruka

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili nchini Uingereza wanaifahamu Croydon kwa sababu ya Lunar House, jengo linaloshughulikia masuala ya uhamiaji. Wanaoishi huko kusini mwa London wanaijua pia kwa nyumba zake kongwe. Mitaa ya Thornton Heath na South Norwood imejaa nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, nyingi zikiwa zimejengwa enzi za Malkia Victoria, aliyefariki 1901. Zimekaa juu ya udongo kwa zaidi ya karne, na kuta zilizokuwa wima sasa zimelalia upande. Ukitandika zulia jipya, mlango unagoma kufunguka. Ukinunua rafu ya kupachika kando ya dohani, kona moja inaingia sawasawa, na ya pili inaacha upenyo wa kupitisha kidole.

Hapo ndipo mtu hushika njia ya maduka ya barabara ya Purley Way, akarudi na karatasi ya plaiwudi na msumeno wa umeme wa mviringo.

Aliyejifunza useremala Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, kwa msumeno wa mkono ana mikono iliyozoea kazi, lakini mashine hii ina tabia nyingine. Msumeno wa mkono ukibanwa na mbao unakwama tu. Unachomeka kabari kwenye mwanya, unaendelea. Bledi ya msumeno wa mviringo huzunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na meno yake huingia kwenye mbao kutoka chini kwenda juu. Ikibanwa, nguvu ya mota lazima itafute pa kwenda: inaunyanyua msumeno mzima na kuurusha nyuma, kwa aliyeushika. Hutokea ghafla, kabla kidole hakijaachia swichi.

Ndiyo maana usalama wa kifaa hiki huamuliwa kabla hakijawashwa, katika namna mbao ilivyolazwa. Edmond Michel wa New Orleans alipobuni msumeno wa kushikwa mkononi miaka ya 1920, aliwaondolea mafundi kazi ya kubeba mbao kuipeleka kwenye mashine. Sasa mashine ndiyo inayotembea, na mbao ndiyo inayotakiwa kutulia.

Kosa linalofanyika sana ni kulaza ubao juu ya stendi mbili na kukata katikati. Ubao ukishapungua nguvu hubonyea kwa uzito wake, mwanya unajifunga upande wa juu, bledi inabanwa. Kata nje ya stendi, ili kipande kinachotoka kidondoke chenyewe. Karatasi nzima ya plaiwudi, yenye milimita 2,440 kwa 1,220, ilaze sakafuni juu ya vipande vinne vya mbao, viwili kila upande wa mstari. Hapo pande zote mbili zinabaki zimetulia hadi mwisho wa mkato.

Tuanze na mkato ulionyooka, kwa mfano wa mlango uliozidiwa na zulia. Ung'oe kwenye bawaba, ulaze, uubane kwa klampu. Chora mstari, kisha upitishe kisu chenye makali juu yake kwa nguvu. Kwa kuwa meno hutoka chini kwenda juu, uso wa juu ndio unaochanika. Alama ya kisu huzikata nyuzi mapema, na ukingo unabaki safi. Usikate kwa kukisia kwa jicho. Pima umbali kutoka ukingo wa bati la chini la msumeno hadi kwenye bledi, halafu funga ubao mnyoofu kwa klampu mbili, umbali huohuo kutoka kwenye mstari. Bati litelezeshe ubavuni mwa ubao huo mwanzo hadi mwisho. Ukiona umetoka nje ya mstari, usipinde msumeno kuurudisha, kwa sababu kupinda nako ni kubana. Zima, subiri bledi isimame kabisa, rudi nyuma, anza tena.

Kina nacho kina kanuni yake: bledi itokeze chini ya mbao kwa jino moja tu. Kabla ya kugusa skrubu ya kina, chomoa waya au toa betri.

Mkato wa pembe ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mshazari: bledi imesimama wima, ila mstari ndio unaokwenda upande, kama ncha ya rafu inayofuata ukuta uliopinda. Hapa kadibodi inafaa kuliko hesabu. Isukume kwenye kona, ipunguze hadi ikae, kisha ichore juu ya ubao. Wa pili ni hanamu: bati linalazwa ili bledi iingie kwa kuinama, kama pale mbao mbili zinapokutana kwenye kona ya sanduku la kuficha mabomba. Kwa nyuzi 45, plaiwudi ya milimita 18 inadai kina cha zaidi ya milimita 25, na ule umbali wa bati na bledi uliopima mwanzo hubadilika. Jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi.

Katika hanamu, kikinga cha chini, kile kinachofunika meno ya bledi, nacho huweza kukwama kwenye ukingo wa mbao unapoanza. Kiinue kwa mpini wake, kiachie bledi ikishaingia. Usikifunge kwa waya wala kukiwekea kabari. Simama kando ya mstari, usisimame nyuma yake.

Vumbi lina hesabu zake pia. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, inasema maseremala wana uwezekano wa kupata pumu mara nne zaidi ya wafanyakazi wengine, na tangu 2020 kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini ni miligramu 3 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Vaa barakoa ya FFP3, miwani na vizuia sauti, na kama msumeno una tundu la bomba la kufyonza vumbi, litumie.

Kuna mlango mmoja ambao hata fundi hodari hatakiwi kuukata kienyeji, nao ni ule wa kuingilia ndani ya fleti. Mara nyingi ni mlango wa kuzuia moto, wa aina ya FD30, uliotengenezwa kuhimili moto kwa dakika 30. Kuupunguza kupita kiasi alichoruhusu mtengenezaji, au kuacha uwazi mkubwa chini yake, ni kuupa moshi njia ya kuingia kwako au kutoka kwako kwenda kwa jirani. Kanuni za usalama wa moto za 2022, zilizotungwa baada ya moto wa jengo la Grenfell, London, wa 2017, zinataka milango hiyo ikaguliwe katika majengo yenye urefu wa zaidi ya mita 11. Mlango huo ukikwama kwenye zulia, mwite mwenye jengo, na ukishindwa kumsubiri, punguza zulia.