Mtamba wa Nguruwe na Umma Uliomo Tumboni Mwake

Mfugaji aliyemlea mtamba wa nguruwe tangu alipoachishwa ziwa, akamlisha pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kwa miezi sita au saba, akangoja aingie joto ampeleke kwa dume, kisha akaona siku ishirini na moja za mzunguko wake zikija na kupita mara mbili na mara tatu pasipo dalili yoyote, aghalabu hukata shauri moja tu: huyu ni tasa, na mahali pake ni buchani. Hukumu hiyo si ya makosa siku zote, kwa maana wako wanyama waliozaliwa na viungo pungufu ambao hawatazaa kamwe. Lakini wako wengine ambao vifuko vyao vya mayai ni vizima, na ila iliyowazuia haikuanzia katika kizazi bali katika hori la chakula na ndani ya matumbo, na hao ndio walionishawishi kushika kalamu, maana nasikitika kila nionapo mnyama akichinjwa kwa kosa lisilo lake.

Najua ya kuwa maneno haya yatafika mbele ya wasomaji ambao dini yao imemharimisha nguruwe, nao nawaomba wasiyaweke kando kwa sababu hiyo, kwani matumbo ya mnyama huyu yanafanana mno na ya binadamu. Wataalamu waliochunguza kinyesi cha nguruwe 287 wa Uchina, Ufaransa na Denmark, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 2016, waliorodhesha jeni za vijidudu zipatazo milioni 7.7, na walipoilinganisha orodha hiyo na ile ya wanadamu waliona ya kuwa asilimia 96 ya njia za kazi zilizomo katika vijidudu vya tumbo la mtu zimo pia katika vile vya nguruwe. Basi linalotukia bandani si geni sana nyumbani kwetu.

Umma huo wa bakteria hukaa kwa wingi zaidi katika utumbo mpana, na kazi yake ya kwanza ni kula kile ambacho mwenye tumbo ameshindwa kukimeng'enya. Nguruwe hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja nyuzinyuzi za majani na maganda ya nafaka. Nyuzinyuzi hizo hushuka nzima hata zikawafikia bakteria, nao huzichachusha na kutoa asidi ndogo ndogo, miongoni mwao ile iitwayo butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe hai zilizoutandika ukuta wa utumbo. Ukuta ulioshiba husimama imara. Ukuta wenye njaa hulegea, na vipande vya sumu vitokavyo katika bakteria waliokufa hupenya na kuingia damuni, mwili ukavimba kwa ndani kama uliovamiwa, na ubongo, ambao ndio utoao amri ya mayai kupevuka, ukapunguza sauti yake, kwa kuwa mwili ulio vitani haufikirii uzazi.

Hata hivyo jambo lililonistaajabisha kuliko hilo ni safari ya homoni ya estrojeni, ile imfanyayo mtamba asimame tuli abonyezwapo mgongoni siku ya joto lake. Homoni hiyo hutengenezwa katika vifuko vya mayai, huzunguka na damu, na ikiisha kazi hufika kwenye ini, ambalo huifunga kwa asidi itokanayo na sukari na kuitupa pamoja na nyongo ndani ya utumbo ili itoke nje na kinyesi. Laiti mambo yangekoma hapo, hesabu ingekuwa nyepesi. Lakini utumboni wamo bakteria wenye kimeng'enya cha kukata kile kifungo kilichofungwa na ini, na homoni ikifunguliwa hunywewa tena na ukuta wa utumbo, ikarudi damuni kana kwamba haikuwahi kutupwa. Mwaka wa 2011 wataalamu wawili wa New York, Claudia Plottel na Martin Blaser, walilipa kundi hilo la bakteria na jeni zao jina la estrobolomu, wakiwafikiria wanawake na maradhi ya saratani. Lakini mlango ni ule ule kwa mtamba. Kwa hiyo kiasi cha estrojeni mwilini si amri ya vifuko vya mayai peke yake. Bakteria nao wana kauli, na chakula ndicho kiamuacho ni bakteria gani watakaokuwa wengi.

Ushahidi wa kwamba chakula chaweza kufika mpaka kwenye yai tunao. Wataalamu wa Uingereza waliwalisha mitamba, kabla ya kupandwa, makapi ya viazisukari yaliyobaki baada ya kukamuliwa sukari, ambayo sehemu yake kubwa ni nyuzinyuzi za aina ipendwayo na bakteria, wakaona mayai yao yamepevuka vizuri zaidi kuliko ya wenzao waliolishwa kwa desturi. Kwetu makapi hayo hayapatikani, lakini mfugaji aongezaye majani ya viazi vitamu juu ya pumba hafanyi kazi ya kujaza tumbo tu, kama wengi wadhanivyo.

Mlango huo huo wa nyongo, kwa bahati mbaya, hupitisha pia adui. Mwaka wa 1928 madaktari wa mifugo huko Marekani walieleza juu ya nguruwe wachanga ambao uke wao ulivimba na kuwa mwekundu kama wa mwenye joto, ilhali umri wao haujafika, na wote walikuwa wamelishwa mahindi yaliyoota ukungu. Iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka thelathini kuikamata sumukuvu yenyewe, zearalenoni, itolewayo na kuvu aitwaye Fusari, na walipoikamata waliona jinsi inavyojifananisha na estrojeni hata mwili usitambue tofauti. Hakuna mfugo uathirikao nayo kuliko nguruwe. Bakteria wa utumbo wake wanaweza kuigeuza kuwa alfa-zearalenoli, yenye nguvu kuishinda zearalenoni yenyewe. Kadhalika ini huifunga na kuitupa kwa nyongo, kisha ikafunguliwa utumboni na kurudi. Wataalamu walipopima damu ya nguruwe walikuta ya kuwa nusu ya sumu hiyo huchukua takriban saa 87 kutoweka, lakini nyongo ilipozuiwa isiingie utumboni muda huo ulishuka ukawa kama saa 3 tu. Mtamba aliyekwisha kubalehe akila pumba zenye sumu hiyo huweza kukaa kama mwenye mimba, asitake dume wala asizae, na mwenye mali akahesabu siku 114 bure.

Nimetaja bakteria sana, nami sina budi kuweka hadhari. Wapo watafiti waliolinganisha kinyesi cha mitamba walioingia joto na cha wale waliochelewa, wakaona umma wa huku si sawa na wa kule. Kwangu mimi tofauti hiyo haitoshi kuwa hukumu, kwa kuwa homoni zenyewe hubadilisha utumbo kama utumbo ubadilishavyo homoni, na ni vigumu kusema nani aliyemtangulia mwenziwe. Auzaye unga wa bakteria kwa ahadi ya kwamba kila mtamba atashika mimba ameahidi zaidi ya elimu iliyopo. Dawa za viuavijasumu zitiwazo katika chakula bila ugonjwa nazo ni hasara juu ya hasara. Umoja wa Ulaya ulikataza zisitumiwe kwa kukuza mifugo tangu Januari 1, 2006.

Kabla ya kisu, basi, kuna magunia ya kufunguliwa na kunuswa, pumba zenye ukungu za kutupwa mbali hata kama zilinunuliwa kwa fedha, majani ya kukatwa, na dume wa kuletwa karibu kila siku, maana harufu ya mate yake husaidia kuamsha balehe iliyolala. Mtamba akisha kupandwa na mimba ikakaa, atazaa baada ya miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto watatoka na matumbo yaliyo karibu matupu, na saa ile ile umma utaanza kuhamia: katika njia ya uzazi wapitamo, katika chuchu wanyonyazo, na katika kinyesi cha mama ambacho watakilamba siku za mwanzo. Miongoni mwao watakuwamo majike, na kile walichokilamba ndicho watakachokwenda nacho kwa dume wao, miezi saba baadaye.