Namba ya CEA baada ya upasuaji wa utumbo mpana

Mgonjwa wa Gairo aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hurejea nyumbani na karatasi yenye namba, akitaka kujua kama atapona.

Damu yake yaweza kubeba ishara za aina mbili. Ya kwanza ni kingamwili dhidi ya p53, protini ambayo ikiharibika ndani ya seli za saratani, kinga ya mwili huweza kuiona ngeni. Kingamwili hizo ziligunduliwa mwaka 1982 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, baadaye zikaonekana katika saratani ya utumbo mpana. Lakini wagonjwa wengi hawana kingamwili hizo, na tafiti hazijakubaliana kuhusu maana yake. Mgonjwa asitumie fedha zake kukitafuta kipimo hicho.

Ya pili ni CEA, ambayo si kingamwili bali ni protini inayotoka katika uvimbe wenyewe. Phil Gold na Samuel Freedman waliieleza mwaka 1965 huko Montreal. Kwa asiyevuta sigara, kawaida huwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Kiwango kikubwa kabla ya upasuaji huashiria hatari kubwa zaidi ya saratani kurudi. Hata hivyo, mwenendo wa namba una uzito kuliko namba moja. Uvimbe ukiondolewa wote, CEA hurudi kawaida katika wiki 4 hadi 6 hivi. Isiposhuka, huenda yapo masalia. Ikishuka kisha ikapanda, kipimo kirudiwe, na ikiendelea kupanda zifuate picha za CT za kifua na tumbo. Kupanda huko si hukumu ya kifo: saratani iliyorudi kwenye ini, ikiwa mahali pachache, yaweza kuondolewa, na baadhi ya wagonjwa hupona.

Sigara na magonjwa ya ini pia hupandisha CEA, na zipo saratani zisizoitoa kabisa.

Gairo iko kati ya Morogoro na Dodoma, hivyo mgonjwa huweza kupimwa mara huku, mara kule. Mashine zikitofautiana, 4 ya Morogoro na 6 ya Dodoma hazilinganishiki. Achague maabara moja, na mhudumu aandike jina lake na tarehe kando ya kila jibu.

Mwenye damu kwenye choo ambaye hajawahi kuchunguzwa asipimwe CEA ili kutulizwa moyo. Apewe rufaa ya kolonoskopi.