Kamera ya sinema ya dola 1,295 ilisisimua wengi, lakini gharama haziishii hapo

Na Mwandishi Wetu

Kwa muda mrefu, kijana wa Nairobi, Kampala, Kigali au Dar es Salaam aliyetaka kupiga filamu yenye picha ya kiwango cha sinema alikuwa na njia mbili. Alikodi kamera kubwa kwa siku, akakimbizana na saa kabla ya kuirudisha. Au alitumia ileile kamera ya picha za mnato anayopigia harusi, akijua kwamba itamfikisha hadi mahali fulani tu.

Mwaka 2018 ilitokea njia ya tatu. Aprili, katika maonyesho ya watangazaji ya NAB mjini Las Vegas, Marekani, kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ilitangaza kamera ndogo iitwayo Pocket Cinema Camera 4K. Bei yake ilikuwa dola 1,295. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya mwaka huo, hiyo ilikuwa takriban Sh130,000 za Kenya, karibu Sh3 milioni za Tanzania au karibu Sh5 milioni za Uganda.

Tangu Septemba mwaka huo kamera za kwanza zilipoanza kuwafikia wanunuzi, wapenzi wa filamu duniani walikuwa wakizizungumzia usiku na mchana. Kwa mfanyabiashara anayeleta vifaa vya umeme kutoka Dubai au Guangzhou na kuvisambaza kuvuka mipaka yetu, swali lilikuwa moja: je, hii ni bidhaa ya kuwekea mtaji?

Jibu fupi ni kwamba kamera ni nzuri na bei ilikuwa ya kweli, ila dola 1,295 ilikuwa bei ya kuingilia mlangoni. Gharama za ndani ni nyingine, na asiyezipiga mapema ataumia, awe muuzaji au mnunuzi.

Kwa nini watu walishangilia

Kamera hii inarekodi picha ya 4K kamili ya sinema, yaani pikseli 4,096 kwa 2,160, hadi picha 60 kwa sekunde. Ukubwa huo wa picha pekee si ajabu tena, kwani hata simu kadhaa za mkononi zinadai kuwa na 4K. Tofauti iko katika kinachobaki ndani ya picha.

Mtu yeyote aliyewahi kupiga harusi saa saba mchana anajua tatizo lenyewe. Bibi harusi amevaa shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi, jua liko utosini. Kamera ya kawaida ikifuata shela, suti inageuka shimo jeusi. Ikifuata suti, shela linaungua na kuwa karatasi tupu. Kampuni inasema kihisi cha kamera hii kinabeba hatua 13 za mwanga, kiasi kwamba mhariri anaweza kuyarudisha maua ya shela na mikunjo ya suti katika picha hiyohiyo.

La pili ni giza. Kihisi chake kina viwango viwili vya asili vya usikivu wa mwanga, ISO 400 na ISO 3,200. Kwa lugha nyepesi, kinafanya kazi vizuri mchana na hakichafuki haraka usiku. Kwa watengenezaji wetu, ambao mara nyingi hawana lori la taa wala jenereta, hilo si jambo dogo.

La tatu ni sauti. Kamera ina tundu la mini XLR linaloweza kuipa umeme maikrofoni ya kitaalamu. Filamu nyingi za bei ya chini huangushwa na sauti kabla ya picha, na hapa angalau mlango umefunguliwa.

La nne ni programu ya uhariri. Ndani ya sanduku kuna leseni ya DaVinci Resolve Studio, ambayo mwaka 2018 ikiuzwa peke yake ilikuwa dola 299. Programu hiyo ya kupanga rangi iliwahi kuuzwa pamoja na mitambo yake kwa mamia ya maelfu ya dola, hadi Blackmagic ilipoinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2009 na kuishusha bei. Leo kuna hata toleo lake la bure.

Bei ilivyoporomoka

Ili kuelewa msisimko huu, turudi nyuma kidogo. Mwaka 2007 kampuni ya RED ya Marekani ilianza kukabidhi kamera yake ya RED One kwa dola 17,500, bila lenzi. Wakati huo watu waliiona kuwa ya bei nafuu, kwa sababu mitambo ya sinema ya kidijitali iliyokuwapo iligharimu mara kadhaa zaidi. Filamu ya District 9, iliyopigwa Johannesburg na kutoka mwaka 2009, ilitumia kamera hiyo.

Aprili 2012 Blackmagic, iliyokuwa ikijulikana kwa vifaa vya studio, iliwashangaza wengi kwa kutangaza kamera yake ya kwanza ya sinema kwa dola 2,995. Mwaka uliofuata ikaleta ndogo zaidi, ya kwanza kuitwa Pocket, kwa dola 995. Hiyo ilirekodi HD tu. Ya mwaka 2018 ilipanda hadi 4K, na bei yake iliongezeka kwa dola 300 pekee.

Kwa hiyo, ndani ya miaka 11, gharama ya kuingia katika picha ya 4K ya sinema ilishuka kutoka dola 17,500 hadi 1,295. Anayeuza vitenge au vipuri vya pikipiki anaelewa maana yake: bidhaa iliyokuwa ya matajiri wachache imefika kwenye mkono wa mtu anayeweza kuchanga na wenzake wawili.

Walioumwa na nyoka

Hata hivyo, si wote walioshangilia. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wateja wa zamani wa kampuni hii wana kumbukumbu.

Kamera ile ya 2012 iliahidiwa kufika Julai mwaka huo. Julai ikapita. Baadaye kampuni ilieleza kwamba kulikuwa na kasoro katika kioo kinachofunika kihisi, na uzalishaji ukakwama. Wateja wengi walisubiri hadi mwaka 2013. Na Agosti 2013, wengine wakiwa hawajaizoea mikononi, bei ikashushwa hadi dola 1,995.

Ile Pocket ya kwanza nayo ilipata lake. Katikati ya mwaka 2014 kampuni iliiuza kwa muda kwa dola 495, nusu ya bei ya awali. Mnunuzi wa siku hiyo alifurahi. Mfanyabiashara aliyekuwa na kamera kumi rafuni alizonunua kwa bei ya zamani alikesha.

Mwaka 2018 foleni ilirudi. Maduka mengi ya Marekani na Ulaya yaliandikisha wateja na kuwaambia wasubiri, kwa kuwa kamera zilizotoka kiwandani hazikutosha.

Yapo pia malalamiko kuhusu kamera yenyewe. Haina kitulizo cha mtikisiko ndani yake, kwa hiyo anayeishika mkononi bila lenzi yenye kitulizo atapata picha inayotetemeka. Haifuati mtu kwa kulenga yenyewe mfululizo. Kioo chake cha inchi tano ni kizuri lakini hakikunjuki kumwelekea mpigaji. Na ingawa jina lake linataja mfuko, hakuna mfuko wa suruali utakaoimeza.

Gharama zilizofichika

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tufungue daftari.

Kwanza, lenzi. Bei ya dola 1,295 ilikuwa ya kamera tupu. Inatumia lenzi za mfumo wa Micro Four Thirds. Wapiga picha wengi wa kwetu wana lenzi za Canon, na hizo zitahitaji adapta. Isitoshe, kihisi chake ni kidogo: lenzi ya milimita 50 itaona eneo dogo kana kwamba ni ya milimita 95 hivi kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Aliyezoea kupiga chumba kizima kwa lenzi moja atalazimika kununua pana zaidi.

Pili, betri. Kamera inatumia betri aina ya LP-E6, ileile ya kamera kadhaa za Canon zilizoenea kanda hii. Hiyo ni faida kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Lakini betri moja inadumu takriban saa moja tu, pengine chini ya hapo. Kwa kazi ya siku nzima zinahitajika sita au zaidi. Betri bandia zimejaa sokoni na ndizo zitakazomwaibisha fundi katikati ya sherehe.

Tatu, hifadhi. Hapa ndipo wengi hawategemei. Picha ya 4K katika mfumo wa ProRes 422 HQ, kwa picha 25 kwa sekunde, inakula takriban gigabaiti 330 kwa saa. Diski ya gigabaiti 500 inajaa kwa saa moja na nusu hivi. Harusi ya saa sita inahitaji karibu terabaiti mbili, na mtu makini huweka nakala mbili. Nafuu ni kwamba kamera inaweza kurekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje ya SSD kupitia tundu la USB-C, na hizo ni rahisi kuliko kadi za CFast. Nafuu nyingine ni kurekodi HD: ProRes 422 ya HD inatumia gigabaiti 55 tu kwa saa, na kwa mteja atakayetazama kwenye televisheni ya sebuleni mara nyingi inatosha.

Nne, kompyuta na muda. Picha ya kiwango cha filamu hutoka kamerani ikiwa imepauka kwa makusudi, ikisubiri kupangwa rangi. Anayetaka kukabidhi video jioni hiyohiyo atajuta asipobadilisha mipangilio. Na laptopu iliyokuwa ikihariri HD bila shida inaweza kukwama kabisa ikipewa 4K.

Ukijumlisha lenzi moja ya maana, betri, diski mbili, adapta na kishikizo cha kamera, ni rahisi jumla kupita mara mbili ya bei ya kamera kabla hujagusa kompyuta. Kwa muuzaji mjanja, somo ni hilo: faida inaweza kuwa kubwa zaidi katika betri halisi, diski na adapta kuliko katika kamera yenyewe, ambayo bei yake inaweza kushuka ghafla.

Mpakani je?

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wameuzoea utaratibu rahisi wa biashara, ambapo mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Kamera moja ya dola 1,295 inaonekana kutosha hapo. Haitoshi. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kamera iliyotengenezwa nje ya Jumuiya haihusiki, hata ikiwa umeinunua Luthuli Avenue au Kariakoo. Hiyo ni bidhaa ya nje, na inapaswa kuwa na karatasi za ushuru uliolipwa. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ni ya kila nchi: asilimia 16 Kenya, asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda.

Hali ni tofauti kwa anayevuka na kamera yake kwenda kufanya kazi na kurudi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru, kwa masharti kwamba vitarudishwa, na afisa anaweza kudai dhamana. Andaa orodha ya vifaa vyote na namba zake, uitangaze unapoingia, na uhakikishe imegongwa muhuri unapotoka. Kibali cha kupiga filamu ni jambo jingine kabisa: Kenya kiulizie kwa KFCB, Tanzania kwa Bodi ya Filamu.

Kwa wanaosafiri kwa ndege kutoka Dubai, betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye mzigo wa mkononi, haziingii kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege.

Usipokee amana ya kitu usichonacho

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mteja akiwa na hamu atakusukumia fedha mkononi umletee kamera ambayo hata duka la ng'ambo halijui litaipata lini. Historia ya 2012 inatosha kuwa onyo. Ukipokea amana, andika tarehe ya mwisho, na andika pia kwamba tarehe ikipita fedha inarudi. Ukiagiza kwa mtaji wako, agiza chache. Ukinunua iliyokwishatumika, hakikisha leseni ya programu haijaondolewa, maana hiyo pekee iliuzwa kwa dola 299 mwaka 2018.

Na kwa kijana anayehesabu akiba yake: tafuteni wenzenu wawili au watatu, mnunue seti kamili ya pamoja, muandikiane makubaliano, na siku ambazo hamna kazi muikodishe. Kamera ya dola 1,295 isiyo na lenzi, betri wala diski haiwezi kupiga hata dakika moja ya filamu. Lakini seti iliyokamilika, mikononi mwa wanaojua kazi, inaweza kuanza kurudisha fedha yake tangu msimu wa kwanza wa harusi.