Baada ya Kufunga Uzazi kwa Mwanamume: Madhara Yanayoweza Kutokea na Namna ya Kupona

Kufunga uzazi kwa mwanamume ni upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi. Mirija miwili ipitishayo mbegu za kiume hukatwa na kufungwa, na mteja hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Korodani hubaki mahali pake, hivyo nguvu za kiume hazipungui. Kwa kuwa njia hii ni ya kudumu, unayo haki ya kuelezwa yafuatayo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Juma la kwanza

Maumivu kiasi, uvimbe na ngozi kuwa nyeusi ni mambo ya kawaida, nayo hupungua baada ya siku chache. Pumzika walau siku 2. Vaa chupi inayobana, weka kitambaa cha maji baridi, na usilowanishe kidonda kwa siku 2 hadi 3. Tumia parasetamoli, epuka aspirini, maana huchelewesha damu kuganda. Kwa juma zima usibebe viroba vya pamba, usishike plau wala usipande baiskeli. Tunawashauri wakazi wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega wanaofuata huduma Bariadi wasichague majira ya kulima au kuvuna, na wapange mapema usafiri wa kurudi usio na mtikisiko mwingi.

Rudi kituoni bila kuchelewa ukiona:

- homa;
- usaha, joto au wekundu kwenye kidonda;
- damu isiyokoma;
- uvimbe au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Dalili hizo huweza kuashiria maambukizi au damu iliyovujia ndani ya mfuko wa korodani. Baadhi ya wanaume hupata kinundu kidogo ambacho aghalabu hutoweka chenyewe. Wanaume 1 hadi 2 kati ya 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu. Nao wanastahili matibabu.

Miezi 3 ya kusubiri

Mbegu zilizokwisha kupita sehemu iliyofungwa huendelea kutoka kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo, tumieni kondomu au njia nyingine kwa miezi 3, kisha shahawa zipimwe. Pale zisipopimwa, wanawake 2 hadi 3 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Zikipimwa, idadi hushuka chini ya 1. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mimba ya miezi hiyo huweza kuzua shutuma za uzinzi dhidi ya mke asiye na kosa. Mwende pamoja kusikiliza maelezo.

Kumbuka pia kwamba njia hii haizuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa.

Kabla ya kuondoka kituoni

Uliza kipimo cha shahawa kinapatikana wapi, na uandikiwe tarehe ya kurudi.