Shabaha Haijui Dawa

Jina la mji wa Sumbawanga wenyeji hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Twaona hapana jina lifaalo zaidi kwa kuanzia maneno yetu, maana twataka kunena habari ya kulenga shabaha, na shabaha ni kitu kisichojua dawa wala hirizi. Mtu hulala kifudifudi juu ya nyasi, huweka kitako cha bunduki begani, huzuia pumzi, kisha hufyatua. Risasi ikipita kando, imepita kando. Haiulizi ukoo wa aliyeipiga, wala mshahara wake, wala cheo chake katika Chama.

Mafunzo ya jeshi la akiba, ambalo sote twaliita mgambo, huwakusanya vijana wa kiume na wa kike wa wilaya zetu, nao hufundishwa gwaride, ukakamavu, usomaji wa ramani na kulenga shabaha. Siku ya kufunga mafunzo ngoma hulia, mgeni rasmi huhutubia, na kila mmoja hurudi kwenye shamba lake la mahindi au kazi yake ya mjini. Baada ya hapo ujuzi ule wa shabaha, uliopatikana kwa jasho na kwa risasi zilizolipiwa na mwananchi, huachwa upate kutu. Jambo hili ndilo lililotushikisha kalamu. Je, haifai ujuzi huo ukatunzwa kwa mashindano ya kirafiki, kata kwa kata, kama wafanyavyo watu wa nchi nyingine kwa bunduki za kale za vita?

Huko Uingereza chama cha walenga shabaha kilianzishwa mwaka 1859, na mkutano wake wa kwanza wa mashindano ukafanyika Wimbledon mwezi wa Julai 1860. Malkia Victoria ndiye aliyeufungua kwa risasi ya kwanza, naye akaipata shabaha. Lakini mafundi walikuwa wamekwisha kuifunga bunduki imara na kuielekeza, yeye akavuta kamba ya hariri tu. Kumbe kuwapambia wakubwa ushindi si jambo lililoanza leo! Tangu mwaka 1890 mashindano hayo hufanyika mahali paitwapo Bisley. Huko, mbali na wenye bunduki mpya, wako washindanao kwa bunduki za babu zao, hasa Lee-Enfield, iliyochukuliwa na majeshi ya Kiingereza tangu mwaka 1895 hata miaka ya 1950.

Nchini Uswisi kila mwaka huwako sikukuu ya shabaha ya mita 300, nayo huwakusanya watu zaidi ya laki moja, mkulima pamoja na mwalimu, karani pamoja na seremala. Bunduki ya jeshi lao ya mwaka 1931 ingali ikikubaliwa katika mashindano hayo. Nchini Marekani, kwenye uwanja wa Camp Perry katika jimbo la Ohio, wako washindanao kwa bunduki ya Garand iliyoingizwa jeshini mwaka 1936. Umbali ni yadi 200. Mtu hupiga risasi 10 akiwa amelala, bila haraka. Kisha 10 akiwa amelala, kwa haraka. Kisha 10 akiwa amesimama. Sharti lao kubwa ni kwamba bunduki iwe kama ilivyotolewa ghalani. Hairuhusiwi darubini, wala kitako cha kununuliwa dukani, wala kitu chochote cha kumpa mwenye fedha faida juu ya asiye nacho.

Sharti hilo limetupendeza sana. Katika michezo mingi ya siku hizi fedha hutangulia mbele, na mchezaji hufuata nyuma. Lakini chuma cha kale chenye uzito wa kilo nne hivi, chenye alama moja mbele na nyingine nyuma za kulengea, huwafanya tajiri na mfanyakazi kuwa sawa. Hapo hushinda mwenye macho matulivu, mkono usiotetemeka, na moyo unaokubali kufundishwa.

Wala bunduki hizo si wageni katika nchi ya Ufipa. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wadachi katika Tanganyika walikuwa wakichukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilipiga risasi moja tu kabla ya kupakiwa tena, nayo ilitumia baruti nyeusi. Askari alipofyatua, wingu la moshi liliinuka juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali pa kupiga. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walishindwa katika Tanga, wakaacha nyuma bunduki nyingi na risasi 600,000. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi, aliandika baadaye kwamba nyara zile zilimtosha kuzipa silaha za kisasa kombania tatu.

Vita hivyo vilifika mpaka kwetu. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Kiingereza yaliitwaa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wadachi walipaita Bismarckburg na kupajengea boma. Walinzi wa boma walitoroka kwa mitumbwi usiku. Na mwisho wa yote ulikuwa jirani na uwanda wetu, katika Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia. Hapo tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alisalimu amri. Bunduki 1,071 zilizokabidhiwa siku ile zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wadachi lilimaliza vita likitumia silaha za adui zake!

Tujifunze hapo somo la kwanza. Bunduki haina taifa. Humtii yeyote aishikaye, leo huyu, kesho yule. Kwa hiyo swali la maana si bunduki ni ya nani, bali ni mtu wa namna gani aliyeishika, na amefundishwa nini juu ya nchi yake.

Somo la pili twalijua kwa uchungu wetu wenyewe. Vijana wa Tanganyika walichukua Lee-Enfield katika jeshi la K.A.R., wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Walikuwa walenga shabaha hodari, lakini vita haikuwa yao. Baada ya Uhuru, jeshi tulilorithi kwa mkoloni liliasi mwezi wa Januari 1964. Ndipo tulipotambua kwamba ustadi wa silaha usio na elimu ya uraia ni hatari kwa nchi. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, na wengi wa vijana wake wa kwanza walitoka katika umoja wa vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu hapo tumeshika imani kwamba anayeshika bunduki kwa ajili ya umma sharti awe mwana wa umma.

Sasa wako watakaotupinga, na hoja yao ni nzito, hatutaki kuikwepa. Watasema: bunduki hizo ziliua. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara na mizigo, katika ugomvi usiowahusu. Itakuwaje leo tufanye mchezo kwa vyombo vile vile? Je, huko si kuyachezea makaburi?

Tumelitafakari neno hili, nasi twajibu hivi. Ingekuwa kuyachezea makaburi kama tungesherehekea vita, tukavaa sare za Wadachi na kuimba nyimbo zao. Lakini uwanja wa shabaha ulio na utaratibu hauna adui ndani yake. Mbele ya mpigaji pana karatasi, na nyuma ya karatasi pana kilima cha udongo. Bendera nyekundu ikipanda, watu wote hujua kwamba risasi zitapita. Msimamizi akisema simamisha, bunduki zote hunyamaza, komeo huvutwa nyuma, na kila chemba hukaguliwa kama imebaki tupu. Asiyetii huondolewa, hata awe bingwa. Na huko Bisley mshindani huandika alama za mwenzake, siyo zake mwenyewe. Ni shule gani ya uaminifu inayozidi hiyo? Ukimwandikia mshindani wako alama njema aliyoistahili, na wewe ukashindwa kwa alama hiyo hiyo, umejifunza jambo ambalo hotuba zetu nyingi hazijafaulu kulifundisha.

Kwa upande mwingine, silaha iliyofichwa darini haifundishi mtu neno jema. Tuseme wazi: katika vijiji vya pori zetu, tangu bonde la Rukwa hata mwambao wa Tanganyika, bado yako magobore. Mengine ni ya kurithi, mengine yamechongwa juzi kwa bomba la chuma. Baruti hushindiliwa kwa mdeki, kisha marisau, na mwenyewe humwomba Mungu mtutu usipasuke usoni pake. Chombo hicho humwua tembo wa taifa, humtisha jirani, na mara nyingine humlemaza mwenye nacho. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa watu watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Hilo lilikuwa jambo la hekima. Mwenye gobore asingoje kufumaniwa. Akatafute njia halali ya kulisalimisha kupitia kwa viongozi wake na polisi, naye atalala usingizi.

Twarudi kwenye shauri letu. Majeshi yetu tayari hushindana kulenga shabaha katika michezo ya BAMMATA, kwa hiyo jambo lenyewe si geni katika nchi. Na bunduki ya kale tunayo: ile ya SKS, iliyobuniwa na Mrusi Simonov mwaka 1945, ambayo wananchi huiona katika magwaride ikiwa na singe yake. Ina umri wa wazee wetu, ina risasi kumi, haina darubini. Twapendekeza haya matatu.

Kwanza, washauri wa mgambo wa wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wakae na wenye mamlaka ya Jeshi na Polisi, waone kama yawezekana kuwa na siku moja katika mwaka ya mashindano ya kirafiki kwa waliohitimu mafunzo. Silaha zitoke ghala la dola asubuhi, zirudi ghalani jioni, na kila risasi ihesabiwe. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa, nasi hatumwombei mtu yeyote ruhusa ya kukaa na bunduki ya vita nyumbani.

Pili, silaha za kale zilizokwisha kufa, kama zile za Mauser, zikionekana popote, zisikatwe vyuma chakavu kabla ya wataalamu wa makumbusho kuzitazama. Mtoto wa Kasanga ana haki ya kuona kwa macho yake chuma kilichomtoa babu ya babu yake nyumbani na kumtwisha mzigo.

Tatu, zawadi isiwe fedha. Fedha huleta hila, na hila katika uwanja wa risasi huleta mauti. Mshindi apewe jembe.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Uwanda wa Ufipa ulikuwa nchi ya wahunzi. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilizopita kimo cha mtu, ziliyeyusha mawe ya chuma. Kisha chuma kile kikasafishwa katika tanuri ndogo na kufuliwa kuwa majembe yaliyouzwa nchi za mbali. Ukoloni ulileta majembe ya Ulaya, na moto wa malungu ukazimika. Mabaki yake yangali yakionekana porini, na apitaye huyatazama kama vichuguu. Mababu zetu walijua kwamba chuma ni kimoja, na kwamba ni moyo wa mwenye nyundo unaoamua kitoke jembe au mkuki. Sisi tuliosoma kwa wamisionari tulifundishwa habari ya nabii aliyeota siku ya panga kuwa majembe. Wahunzi wa Ufipa hawakungoja ndoto. Wao walianza na jembe.

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi, tusiogope kulijadili jambo hili katika mikutano yetu ya matawi. Atakayelikataa na alikatae kwa hoja. Lakini tukilikubali, tuone siku moja, nje ya mji wa Sumbawanga, upepo wa baridi ukivuma kutoka mlima wa Malonje, kijana wa Nkasi amelala juu ya nyasi kando ya msichana wa Kalambo, kila mmoja akiandika alama za mwenzake kwa haki. Bendera nyekundu itashushwa, bunduki zitahesabiwa na kurudi ghalani, na mshindi atakwenda nyumbani na jembe begani. Mvua zikianza, atalitumia.