Maneno madogo ya Kiingereza yanayowapiga chenga wafanyabiashara wa mipakani

MFANYABIASHARA mdogo wa vitenge anaketi kujaza fomu ya kodi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Anafika kwenye kisanduku chenye neno ‘turnover’. Shuleni alifundishwa kwamba ‘turn’ ni kugeuka na ‘over’ ni juu ya kitu. Anayajumlisha maneno hayo mawili, hapati jibu. Mwishowe anaandika kiasi alichobakiwa nacho mfukoni baada ya kulipia mzigo, nauli na pango.

Hapo amekosea, na kosa hilo lina gharama. ‘Turnover’ katika fomu ya kodi ni mauzo ghafi, yaani fedha zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama yoyote. Aliyeuza mali ya milioni 5 na kubaki na faida ya laki 8 anatakiwa kuandika milioni 5. Akiandika laki 8, mkaguzi atakayelinganisha fomu na stakabadhi zake atamwona mtu anayeficha mapato, na si mtu aliyeshindwa na lugha.

Neno hilohilo likitamkwa katika ofisi ya utumishi, linahusu kasi ya wafanyakazi kuacha kazi na wengine kuajiriwa mahali pao. Kwa mtangazaji wa mpira, ni timu kupoteza mpira na kumwachia mpinzani. Neno ni moja, maana ni tatu, na hakuna hata moja inayopatikana kwa kujumlisha kugeuka na juu.

Maneno ya namna hii ni mengi katika Kiingereza. Huzaliwa pale kitenzi chepesi kama ‘break’, ‘take’, ‘set’ au ‘write’ kinapoungana na neno dogo kama ‘up’, ‘off’, ‘down’ au ‘out’, kisha muungano huo ukageuzwa kuwa nomino. Wanafunzi huyaona mepesi kwa sababu kila kipande wanakifahamu tangu shule ya msingi. Ugumu umo katika muungano wenyewe.

Kiswahili huonyesha, Kiingereza huficha

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kutatizika. Katika lugha yake, nomino inayotokana na kitenzi hujitambulisha yenyewe. Kutokana na ‘linda’ kuna mlinzi, ambaye ni mtu. Ulinzi, ambao ni kazi. Na lindo, mahali au zamu ya kulinda. Umbo la neno linatosha kumwambia msikilizaji kinachozungumzwa.

Kiingereza kinaweza kuyabeba yote matatu kwa neno moja, ‘lookout’. Linaweza kuwa mtu aliyewekwa kuangalia hatari, mahali anaposimama, au kitendo chenyewe cha kuangalia. Ukiyageuza maneno hayo mawili upate ‘outlook’, umeondoka kabisa kwenye ulinzi. Sasa unazungumzia mwelekeo wa mambo yajayo, kama vile hali ya uchumi au ya hewa.

Ndivyo ilivyo pia kwa ‘outbreak’ na ‘breakout’. La kwanza ni mlipuko wa ugonjwa au wa vita, la pili mara nyingi ni wafungwa kutoroka gerezani. Mtafsiri anayeyachanganya katika tangazo la kipindupindu anaweza kuwatia watu hofu isiyohusika.

Barabarani nako kuna ‘breakdown’. Kwa dereva ni gari kuharibika njiani. Kwa mhasibu ni mchanganuo wa gharama, kwa mwanadiplomasia ni kuvunjika kwa mazungumzo, na kwa daktari inaweza kuwa mtu kuelemewa na msongo hadi kushindwa kumudu maisha ya kawaida. Watumiaji wa barabara wa Kenya na Tanzania wameongeza maana yao wenyewe: gari linalokuja kuvuta magari mabovu nalo huitwa ‘breakdown’.

Deni linalofutwa na lisilofutwa

Hatari kubwa zaidi pengine imo katika ‘write-off’. Kwa kampuni ya bima, ni gari lililoharibika kiasi kwamba kulitengeneza hakuna faida. Kwa nchi inayodaiwa, magazeti hulitumia kwa maana ya deni lililosamehewa.

Kwa benki, mambo ni tofauti. Neno hilo lina maana kwamba benki imeliondoa deni katika hesabu za mali zake kwa kuwa matumaini ya kulipwa yamekuwa madogo. Ni hatua ya kihasibu. Mkopaji bado anadaiwa, na dhamana yake, iwe nyumba au shamba, bado inaweza kuuzwa. Anayetafsiriwa kwamba deni ‘limefutwa’ atarudi nyumbani akishangilia, na huenda siku moja akagongewa mlango na dalali. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha mambo haya: kusamehe deni ni jambo moja, kuliondoa vitabuni ni jingine.

Wakati mwingine hata maana iliyozoeleka hubadilika mtu akivuka mpaka. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, neno ‘lockdown’ lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Rwanda na Uganda, lilikuwa amri ya watu kubaki majumbani. Kenya ilitangaza marufuku ya kutembea usiku na kuzuia watu kuingia na kutoka katika baadhi ya maeneo, Nairobi likiwamo, na wengi wakaiita hali hiyo ‘lockdown’ pia. Tanzania ilifunga shule lakini haikuwafungia wananchi ndani. Dereva wa lori aliyesikia neno hilo redioni alilazimika kuuliza kwanza: ni ya nchi gani?

Njia ya kujikinga

Zipo alama chache za kumsaidia msomaji. Maneno yakiandikwa mbalimbali, kama ‘break down’, kwa kawaida ni kitenzi. Yakiunganishwa au kuwekewa kistari, ni nomino. Katika matamshi, mkazo wa nomino huangukia kipande cha kwanza, ilhali katika kitenzi neno dogo la mwisho ndilo husikika zaidi.

Alama hizo hutambulisha aina ya neno tu. Kwa maana, dawa ni kuuliza lile swali ambalo Kiswahili hulijibu bila kuulizwa: je, hili ni mtu, kitu, mahali au tukio? Kisha: linasemwa na mhasibu, daktari au dereva? Kuuliza si ujinga, hasa kabla ya kutia sahihi.

Hata hivyo, mzigo huu haupaswi kubebwa na mfanyabiashara peke yake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika ibara ya 137, uliifanya Kiingereza lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Fomu ya kodi ni mahali pazuri pa kutekeleza agizo hilo. Maneno ‘mauzo ghafi’ yakichapwa kando ya ‘turnover’, muuza vitenge atajaza kisanduku chake bila kubahatisha.