Fahamu: Mkono bandia unaohisi mguso

Ukishika yai, vidole vyenyewe hukuambia usizidi kukaza. Mkono bandia wa kawaida hausemi kitu. Anayeuvaa hulazimika kuukodolea macho kila anaposhika kikombe.

Aadeel Akhtar, mhandisi Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, alikuwa na miaka 7 alipozuru nchi ya wazazi wake na kumwona msichana wa rika lake asiye na mguu mmoja, akitembea kwa kuegemea tawi la mti. Picha hiyo haikumtoka. Mwaka 2015 alianzisha kampuni ya PSYONIC, watengenezaji wa mkono uitwao Ability Hand.

Misuli ya mkono inapojikaza hutoa umeme mdogo sana. Vihisio vinavyogusa ngozi huunasa umeme huo, kisha mota hufunga au kufungua vidole. Ncha za vidole nazo zina vihisio vya shinikizo: zikigusa kitu, mvaaji hupata mtetemo kwenye sehemu ya mkono iliyobaki. Si mguso kamili, lakini mtu hujifunza kuusoma.

Na bei je? Printa za 3D zimepunguza gharama ya kubuni na kujaribu. Vidole vigumu vya awali vilivunjika vikigonga meza, ndiyo maana sasa vinatengenezwa kwa silikoni inayopinda. Uimara huo ni unafuu mkubwa, kwa sababu mkono unaovunjika kila mara ni ghali hata ukiuzwa rahisi. Bima ya Medicare ya Marekani huugharamia. Asiye na bima bado hawezi kuumudu kwa urahisi.